Kutoka Wino Mwekundu hadi Mstari Mwekundu

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Shinyanga hadi nilipostaafu. Mtoto wa Kisukuma alipoandika "habali", nilimpigia mstari kwa wino mwekundu bila huruma, ingawa ni lugha ya mama yake iliyomkopesha hiyo "l".

Nilikuwa mtumishi wa historia ndefu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia. BAKITA ikazaliwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ikatoka mwaka 1981. Katika zama zote hizo msahihishaji alikuwa binadamu. Uliweza kumuuliza sababu.

Mwaka 1993 Microsoft Word 6.0 ilileta usahihishaji wa papo hapo: unapobofya nafasi, neno limekwisha kubadilishwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta niliyoitumia mimi ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza.

Siku moja nilitunga shairi la kumlilia mwanafunzi wangu wa zamani, aliyefukiwa na kifusi ndani ya duara kwenye machimbo ya Geita. Mshororo mmoja uliishia kwa neno "hata". Programu ikaligeuza kuwa "hate", yaani chuki kwa Kiingereza. Kina cha "ta" kikavunjika, na karatasi ikafika mikononi mwa mama wa marehemu kabla sijaliona kosa. Aliniuliza taratibu, "Mwalimu, neno hili lina maana gani?" Sikuwa na jibu la kumfariji.

Washairi wenzangu, kabla ya kuandika, iwekeni lugha ya matini kuwa Kiswahili. Kisha zimeni ubadilishaji wa maneno unaojiendesha, pamoja na ule wa kukuza herufi ya kwanza ya kila mshororo. Mstari mwekundu uacheni: wenyewe huuliza tu, uamuzi hubaki kwa mtunzi. Mwisho, someni shairi kwa sauti, mkihesabu mizani.

Ningekuwa darasani leo, mwenye "habali" ningemuuliza kwanza nyumbani wanatamkaje, ndipo nimwoneshe "habari" ya vitabuni. Kalamu yangu haikuwahi kuuliza.