Kubashiri Sehemu Ijayo: Desturi ya Hadhira katika Bonde la Ufa

Desturi ya kujadili hadithi na kubashiri mkondo wake ina mizizi mirefu katika maeneo kama Ndabibi, uwanda wa Bonde la Ufa ulio magharibi mwa Ziwa Naivasha. Miongoni mwa Wakikuyu waliohamia Bonde la Ufa, ngano za marimu, yaani mazimwi yenye uwezo wa kujigeuza wanadamu, zilisimuliwa jioni penye moto, na wasikilizaji walishiriki kwa kuitikia na kuimba.

Televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, ilikuwa ya wachache. Ni mabanda ya video, yaani vyumba vyenye mabenchi, pazia zito mlangoni na kiingilio cha shilingi chache, yaliyoeneza utazamaji wa pamoja hadi kwenye vituo vidogo vya biashara, huku wasimulizi kama DJ Afro wakizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia utani.

Kwa hiyo Game of Thrones, tamthilia ya falme, majoka na wafu wanaotembea, ilipoanza mwaka 2011, ilikuta hadhira isiyozoea kutazama kimya. Swali kuhusu wazazi wa Jon Snow, mmoja wa wahusika wake wakuu, lililozuka miongoni mwa wasomaji wa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa riwaya uliozaa tamthilia hiyo, kilichotoka mwaka 1996, lilijibiwa kwenye skrini mwaka 2016, baada ya mashabiki kupima kila dokezo kama ushahidi. Kazi hiyo ya akili inastahili heshima, kwa kuwa anayebashiri husikiliza kwa makini zaidi na kuifanya hadithi ya ugenini kuwa mali yake.