Mwandishi Aliyekosa Mchango

Mwaka nilioacha chuo, familia ilifungua grupu ya WhatsApp ya kuchanga karo yangu. Mjomba mwenye ploti mbili alituma emoji ya mikono ya sala. Mama mboga wa hapa kwetu Riruta, ambaye hata si mtu wetu, alileta shilingi 500 mkononi. Pesa hazikutosha, nikarudi mtaa kuandikia watu makala za mtandaoni. Swali likabaki: mali humfunga mtu mkono, ama mjomba alikuwa hivyo hata kabla ya ploti?

Juzi mteja akanipa kazi kuhusu wafanyabiashara wa kale wa Uchina, na kumbe wenyewe walibishania swali hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mencius, wa karne ya 4 KK, alimtembelea Mfalme Hui wa Liang. Mfalme akataka kujua mgeni amemletea faida gani. Mencius akamkatiza: ukitanguliza faida, mawaziri watatafuta faida ya nyumba zao, raia nao ya matumbo yao, na mtararuana. Tanguliza utu. Lakini hakuwa anawahubiria maskini wavumilie njaa. Kwake, raia asiye na riziki ya kutegemea hawezi kuwa na moyo uliotulia, kwa hivyo mfalme ahakikishe watu wameshiba kwanza, ndipo awafunze adabu.

Nilikubaliana naye kabisa, hadi nikamfikia Sima Qian.

Huyu alikuwa mwanahistoria chini ya Mfalme Wu wa ukoo wa Han. Mwaka wa 99 KK jenerali Li Ling alizidiwa vitani akasalimu amri, na Sima Qian akamtetea mbele ya mfalme. Akahukumiwa. Ungeweza kulipa pesa ukaponyoka, ila kwao hazikuwepo, na marafiki, kama alivyoeleza baadaye katika barua, hawakumwokoa. Akahasiwa. Alikubali aibu hiyo badala ya kifo kwa sababu kitabu chake cha historia kilikuwa hakijaisha.

Ungedhani mtu kama huyo atawalaani matajiri. Wapi! Karibu na mwisho wa kitabu hicho chenye sura 130, aliwapa wafanyabiashara sura nzima. Humo yumo Fan Li, aliyeacha siasa akaenda kufanya biashara mji wa Tao. Ndani ya miaka 19 alitajirika mara tatu, na mara mbili akawagawia mali yake marafiki maskini na jamaa wa mbali. Huyo ndiye tajiri aliyemsifu: mtu aliyepata, kisha akatumia alichopata kutenda wema.

Mimi hapo naona mtu aliyejua bei kamili ya kukosa mchango. Hakusema pesa ni chafu, maana alijua ingemwokoa. Akahifadhi jina la aliyegawa. Wale marafiki walionyamaza, barua yake haikuwataja hata mmoja.

Mjomba bado yuko kwa grupu, na sina haja tena ya kumwandika zaidi ya hapa. Wiki iliyopita ikafunguliwa grupu nyingine, mtoto wa jirani, karo tena. M-Pesa yangu ilikuwa na 400. Nikatuma 200 kabla sijaanza kufikiria.