Gugu Halikupotea, Lilizama

Mwishoni mwa mwaka 1999, mashine kutoka Marekani ziliingia majini Kisumu kupambana na gugumaji. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kulikatakata gugu palepale ziwani, kisha kuliacha lizame. Mbele ya mashine kijani tupu, nyuma yake maji. Wanamazingira walilalamika, lakini mtu akiangalia kutoka ufukweni angesema kazi imekwisha, gugu limeisha.

Limeisha, ama limehama?

Swali hilo lilikuwa na umri wa miaka 210 tayari. Mwaka 1789, Antoine Lavoisier alichapisha Paris kitabu cha kemia kilichobadilisha somo zima. Silaha yake kubwa ilikuwa mizani. Alifunga vitu ndani ya chombo, akavichoma, akapima kabla na baada. Uzito haukubadilika. Kinachoungua hakipotei; kinabadilisha umbo na mahali. Kitabu hichohicho kilikuwa na orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa vya msingi, yaani elementi. Chache zilikosewa, lakini wazo lilisimama: kabla ya kuuliza kitu kimeenda wapi, jua kwanza kimeundwa na nini. Miaka mitano baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa kwa sababu alikuwa mkusanya kodi. Sheria yake ikabaki.

Sasa turudi Nyanza. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini. Lilionekana Ziwa Victoria karibu 1989, na mto Kagera ukaendelea kulileta kutoka milima ya Rwanda. Kufikia mwisho wa 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mitumbwi ilikwama, bandari ya Kisumu ikazibwa, mvuvi akaona samaki wako hapo chini na njia ya kuwafikia hana. Kenya ilikuwa imeshaachilia fukusi wanaokula gugumaji tangu 1997, kisha ikaja mvua ya El Niño. Mpaka leo wataalamu hubishana nani alistahili sifa gugu lilipopungua: fukusi, hali ya hewa au mashine.

Mizani haina haja na sifa. Yenyewe huuliza tu: vile vitu viko wapi?

Chukua kilo 100 za gugumaji bichi. Zaidi ya kilo 90 ni maji. Hayo ni kampaundi, hidrojeni na oksijeni zilizoshikana, na yakirudi ziwani hayana neno. Sehemu kubwa ya kilo chache zinazobaki ni kaboni, ambayo gugu liliivuta kutoka hewani. Likioza chini, bakteria hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, oksijeni ileile ambayo mbuta na ngege huipumua, na kaboni hurudi hewani kama gesi. Nitrojeni nayo ina njia ya kutoroka hewani.

Fosforasi ndiyo noma. Ni kidogo sana, lakini ndiyo chakula cha gugu, na kwa kawaida haigeuki gesi ikaondoka. Ni elementi, kwa hivyo hakuna kuoza kutakakoivunja, na hakuna fukusi atakayeimaliza. Fukusi akila jani, fosforasi inaingia tumboni mwake, kisha inatoka na kinyesi. Mashine ikikata, inazama. Ni kama kufagia vumbi chini ya zulia halafu kuwaita wageni.

Na Ghuba ya Winam ni kama chombo cha Lavoisier kilichosahaulika wazi upande mmoja. Mito kama Nyando inaleta udongo na mbolea kutoka mashambani, mji unaleta maji taka, lakini njia ya kutokea ziwani kwenyewe ni nyembamba. Kule Mbita, tuta la barabara lililojengwa miaka ya 1980 liliziba mlango mmoja kabisa, hadi daraja lilipojengwa miongo mitatu baadaye ili maji yapite tena. Vinavyoingia ni vingi, vinavyotoka ni vichache. Hesabu hiyo haihitaji maabara.

Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipoosha milima na kujaza mito, gugu lilirudi 2007. Mbegu zake zilikuwa zimelala matopeni miaka yote hiyo, na mezani kulikuwa na chakula cha kutosha.

Ndiyo maana kazi ndogondogo za ufukweni zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Anayevuta gugu nchi kavu, akalianika, akasuka kiti au kikapu, ametoa kitu ziwani kweli. Anayeligeuza mboji na kuipeleka shambani mbali na maji amefanya zaidi: ameirudisha fosforasi ilikotoka. Ni kilo chache, na mito huleta nyingi kuliko mikono inavyotoa. Lakini upande wa hesabu uko sawa.

Basi siku ukisikia tena kwamba gugu limemalizwa, usibishane na mtu. Uliza tu limepelekwa wapi. Jibu likiwa "halipo tu", ujue bado liko ziwani.