Kabla ya CapCut Kulikuwa na Nta: Kisa cha Sauti Zetu Kutoka Masasi Mpaka Newala

Leo tuweke pembeni ubuyu wa mastaa, twende zetu kusini.

Kuna jamaa mmoja wa Newala, jina kapuni, kazi yake ni kupiga video za harusi na za watoto wanaotoka unyago. Siku moja alimpeleka bibi yake Shimo la Mungu, ule ukingo wa uwanda wa Makonde ambapo ukisimama unaliona bonde la Mto Ruvuma na Msumbiji kwa mbali. Bibi akasimulia kwa Kimakonde jinsi wanawake wa enzi zake walivyokuwa wakishuka bondeni kufuata maji, halafu wanapanda tena na mitungi kichwani. Picha ilikuwa kali balaa: jua la jioni, kanga inapepea. Jamaa kufika nyumbani, kuvaa hedifoni, anasikia upepo tu. Dakika 20 za upepo! Akajiambia atarudia. Bibi hakungoja, akatangulia mbele ya haki kabla msimu wa korosho haujaisha.

Sasa sikia hii. Tatizo la huyu jamaa lina zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi hiyo hiyo.

Mwaka 1906

Vita ya Majimaji ilikuwa bado haijazimika kabisa. Masasi ilikuwa na makovu yake: misheni ya Waanglikana iliyoanzishwa 1876 ilikuwa imevamiwa na kuharibiwa mwaka 1905. Ndipo akaja mtafiti Mjerumani, Karl Weule kutoka Leipzig. Akapita Masasi, akapanda mpaka Newala. Kwenye mizigo ya wapagazi wake kulikuwa na mashine mbili: fonografu ya kunasa sauti na kamera ya sinema.

Yaani miaka hiyo watu wa huku walishaimba mbele ya mashine na kucheza ngoma mbele ya kamera. Hata wapagazi wake Wanyamwezi walirekodiwa nyimbo zao.

Fonografu haikuwa na umeme wala maiki. Ilikuwa na pembe kama tarumbeta, sindano, na silinda ya nta inayozunguka. Unaimba ndani ya pembe, sauti inaitikisa sindano, sindano inachora mfereji kwenye nta. Silinda moja ilibeba takriban dakika 2 tu. Ukikosea, basi. Hakuna kufuta neno, hakuna kupandisha sauti baadaye. Na kamera nayo ilikuwa bubu, inazungushwa kwa mkono, haina uhusiano wowote na fonografu. Picha kivyake, sauti kivyake.

Ukiangalia vizuri, matatizo yote yanayokutoa jasho leo kwenye kuediti yalikuwepo pale. Tuyapitie moja moja.

Umbali

Mbele ya pembe ya fonografu ilibidi mwimbaji asogee kabisa, la sivyo nta haichoreki. Leo simu inanasa hata kuku wa jirani, ndiyo maana tunazembea. Unasimama mita tano, unamrekodi mzee, halafu unashangaa sauti yake imezama kwenye kelele za bodaboda. Kadiri unavyoongeza sauti kwenye kompyuta, na kelele inapanda nayo. Dawa ni kusogeza maiki. Maiki ya bei chee iliyo shubiri moja kutoka kifuani inaishinda ya bei mbaya iliyo juu ya kamera. Huna maiki? Chukua simu ya pili, iwashe irekodi sauti, mwekee mzee kwenye mfuko wa shati.

Upepo

Newala iko juu, ukingoni kabisa, na upepo wa pale haubembelezi mtu. Ukipiga moja kwa moja kwenye maiki unatoa ule mngurumo mzito. Hapa niseme ukweli: programu inaweza kupunguza mngurumo ule ukikata besi ya chini, tuseme chini ya hezi 80 mpaka 100. Lakini kama maiki ilizidiwa mpaka sauti ikapasuka, maneno yaliyopotea hayarudi. Kwa hiyo vita ipiganwe kabla hujabonyeza kitufe chekundu. Ivishe maiki sponji au kile kikofia cha manyoya. Mgeuze msimulizi aupe upepo mgongo. Au kaeni nyuma ya ukuta, ile mandhari ya bonde uipige baadaye peke yake. Yule jamaa wetu angefanya hilo la mwisho tu, leo angekuwa na bibi yake.

Ngoma

Sindimba na ngoma za mapiko si za kuchezea. Ukiweka kipimo cha sauti kwa mtu anayeongea, ngoma ikilia mara ya kwanza tu sauti inagonga ukomo na kukwaruza. Omba wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kwa sekunde kumi, kisha shusha mpaka kilele kibaki karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ndogo kiasi inapandishika, iliyopasuka haishoneki.

Mdomo na sauti kupishana

Hapa ndipo historia inaponoga. Silinda ikizungushwa kwa kasi tofauti na ile iliyorekodiwa, mwanaume anaimba kama mtoto. Kumbukumbu ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliwaelekeza wakusanyaji wake wapulize filimbi ya noti moja inayojulikana mwanzoni mwa silinda. Anayesikiliza baadaye anarekebisha kasi mpaka filimbi itoe noti yake sahihi, hapo anajua na wimbo uko sahihi.

Wewe filimbi yako ni kofi. Washa kamera, washa kinasa sauti, piga kofi moja mbele ya lenzi. Kwenye kuediti, unalinganisha viganja vinapokutana na ule mlio, kazi imekwisha. Kama mwanzo uko sawa lakini mwishoni mdomo unaachana na maneno, mshukiwa wa kwanza ni simu: nyingi zinabadilisha idadi ya fremu kwa sekunde zenyewe. Geuza klipu iwe na kasi moja ya fremu kwa programu kama HandBrake kabla hujaanza kukata. Na rekodi sauti kwa kilohezi 48, ndicho kipimo cha video.

Jambo jingine: sauti inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukirekodi ngoma kwa maiki ya kamera ukiwa mita 34 mbali, mkono utagusa ngoma kwanza, mlio utafika sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Kamera haina kosa. Isogeze tu ile sauti nyuma kidogo.

Bati na jenereta

Chumba kitupu chenye bati na sakafu ya saruji kinatoa mwangwi, na mwangwi ni mgumu kuondoa kuliko kelele. Tandika magodoro, tundika mablanketi na kanga. Zima friji, sogeza jenereta mbali. Kabla hujafunga mitambo, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Programu kama Audacity inautumia kuijua kelele ya kuondoa, na wewe unautumia kuziba mapengo ukikata maneno.

Kopi

Nta ni laini, kila ukiicheza inachakaa. Kule Berlin walitengeneza kutoka kwenye silinda kalibu ya shaba ya kutolea kopi, ingawa kazi hiyo iliiharibu silinda halisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkusanyiko ulichukuliwa hadi Urusi ya Kisovieti, ukarudi Berlin Mashariki, na mwaka 1991 ukarejea kwenye kumbukumbu yake. Mwaka 1999 UNESCO ikauweka kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sisi tunafuta faili la harusi kwa sababu memori kadi imejaa. Weka kopi mbili sehemu mbili tofauti, na usifute ile halisi eti kwa kuwa umeshaiediti.

Lakini kuna kitu kinanikera. Wengi wa walioimba 1906 hatuwajui, na waliimba chini ya bendera ya mkoloni. Ukitaka kusikia sauti ya babu yake babu yako wa Masasi, pa kuanzia kuuliza ni Berlin. Mtafiti alikuja na mashine, akaondoka na sauti. Leo mashine iko mfukoni mwako, hakuna mgeni wa kusubiriwa.

Yule jamaa? Ile klipu hajaifuta. Amekata besi, amepunguza kelele, na kuna sehemu moja, sekunde nane hivi, ambapo upepo unatulia na bibi anacheka. Ndiyo ameiweka kama mlio wa simu yake.

Haya wadau, una mzee nyumbani? Wikiendi hii mkalishe nyuma ya ukuta, piga kofi moja, na la kwanza kabisa mwambie ataje jina lake.