Dhahabu ya Seoul na Shaba ya Barcelona: Arvydas Sabonis katika Timu Mbili za Taifa

Tathmini nyingi za Arvydas Sabonis, Mlithuania mwenye urefu wa mita 2.21, huanza kwa kuhesabu hasara, kwa maana huuliza angefika wapi laiti angejiunga na NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1986 alipochaguliwa na klabu ya Portland Trail Blazers, badala ya mwaka 1995 alipokwisha kutimiza miaka thelathini na miguu yake imechakaa. Swali hilo linampima mchezaji kwa ligi ambayo kwa miaka mingi hakuwa na ruhusa ya kuichezea, na linasahau kwamba hadi Aprili 1989, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, FIBA, lilipobadilisha kanuni zake katika mkutano wa Munich, mchezaji wa NBA hakuruhusiwa kushiriki Olimpiki. Kwa hiyo anayemtakia Sabonis safari ya Portland mwaka 1986 anamnyang'anya, bila kujua, Olimpiki ya Seoul. Makala haya yanatetea hoja kwamba kiini cha kazi yake ni timu ya taifa, na kwamba timu mbili alizozichezea, ya Umoja wa Kisovieti na ya Lithuania huru, hazipaswi kusomwa kama sura zinazopingana, kwa kuwa ufundi uliozaa dhahabu ya mwaka 1988 ndio huohuo uliozaa shaba ya mwaka 1992, na kilichobadilika katika miaka hiyo minne ni nani aliyekuwa na haki ya kuuita ufundi huo wake.

Sabonis alicheza nafasi ya senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, ambaye kwa mazoea hutegemewa kufunga kwa karibu, kuzuia mitupo ya wapinzani na kudaka ribaundi, ambao ni mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Hayo yote aliyaweza, lakini upekee wake ulikuwa katika pasi: alipokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru akiwa amekipa kikapu mgongo, akasubiri wenzake wakate kuelekea kikapuni, kisha akawapenyezea mpira, pengine kwa mkono mmoja juu ya bega bila hata kugeuka. Beki aliyemsogelea aliacha njia wazi nyuma yake, na aliyebaki nyuma alimpa nafasi ya kutupa kutoka mbali, jambo ambalo senta wachache wa wakati huo waliliweza. Mchezo wa namna hii humtaka senta awe na wenzake wanaojua lini pasi itatoka, na ndiyo maana haiwezekani kumweleza Sabonis bila kuueleza mji wa Kaunas, alikozaliwa tarehe 19 Desemba 1964.

Lithuania ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1937 na tena mwaka 1939, mara hiyo ya pili ikiwa mwenyeji mjini Kaunas, kabla ya kutwaliwa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1940. Baada ya hapo vipaji vyake vilihesabiwa kuwa vya Moscow, hata nahodha wa timu ya Kisovieti iliyoishinda Marekani mjini Munich mwaka 1972, Modestas Paulauskas, alikuwa Mlithuania. Klabu ya Žalgiris ya Kaunas ilipotwaa ubingwa wa Kisovieti miaka mitatu mfululizo, 1985 hadi 1987, ikiipiku CSKA, klabu ya jeshi la Moscow, mashabiki wa Kaunas walipata uwanjani jukwaa ambalo siasa haikuwapa popote pengine. Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini: vijana waliokuwa wakiishinda Moscow wakati wa ligi ndio walioitwa kuivalia Moscow jezi wakati wa mashindano ya dunia.

Sabonis aliitwa akiwa na umri wa miaka 17, akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa dunia nchini Kolombia mwaka 1982 kwa kuishinda Marekani 95–94. Miaka mitatu baadaye alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya Ulaya, ambako Wasovieti walitwaa dhahabu. Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984 aliikosa kwa sababu serikali yake iliisusia.

Pambano linaloonyesha vizuri zaidi hadhi yake ya wakati huo ni nusu fainali ya ubingwa wa dunia dhidi ya Yugoslavia, nchini Hispania, mwaka 1986. Ikiwa imesalia chini ya dakika moja, Wasovieti walikuwa nyuma kwa pointi tisa, pengo ambalo kwa kawaida huwafanya makocha waanze kupeana mikono. Sabonis alitupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, mpira ukagonga ubao na kuingia. Valeri Tikhonenko akafuata kwa mtupo wa aina hiyohiyo. Kijana Vlade Divac wa Yugoslavia, kwa wasiwasi, akaudunda mpira upya baada ya kuushika, kinyume cha sheria, akaupoteza. Na Valdis Valters wa Latvia akasawazisha. Wasovieti walishinda 91–90 katika muda wa nyongeza, kisha wakafungwa na Marekani 87–85 katika fainali. Inafaa kukumbukwa kwamba mtupo wa kwanza kati ya mitatu ile, uliotoka mbali zaidi na kikapu kuliko mahali pa kawaida pa senta, ulikuwa wake.

Kisha kano ya kisigino ilikatika, ikakatika tena mwaka 1987. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka huo mjini Athens, timu ya Kisovieti bila Sabonis ilifungwa na Ugiriki 103–101 katika fainali. Mwaka 1988 aliruhusiwa kwenda Portland kutibiwa, na ingawa klabu hiyo ilikuwa na hofu juu ya mguu wake, kocha Alexander Gomelsky alimpeleka Seoul. Ni vigumu kuusoma uamuzi huo bila uchungu, kwa kuwa aliyebeba hatari si aliyeamua. Hata hivyo Wasovieti waliishinda Marekani 82–76 katika nusu fainali, Rimas Kurtinaitis akifunga pointi 28, na katika fainali wakaishinda Yugoslavia 76–63, Sabonis akiwa na pointi 20 na ribaundi 15. Kurtinaitis, Šarūnas Marčiulionis, Valdemaras Chomičius na Sabonis mwenyewe, Walithuania wanne, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu iliyopigiwa wimbo wa taifa la Kisovieti.

Lithuania ilitangaza uhuru tarehe 11 Machi 1990, na katika ubingwa wa dunia wa mwaka huo wachezaji wake hawakuichezea tena timu ya Kisovieti. Januari 1991 majeshi ya Kisovieti yaliwashambulia raia mjini Vilnius na kuua watu 14. Kwa historia hiyo, pambano la kuwania shaba mjini Barcelona mwaka 1992, kati ya Lithuania na Timu ya Pamoja iliyowakusanya wanamichezo wa jamhuri za zamani za Kisovieti, lilibeba uzito ambao hakuna medali ya rangi yoyote ingeweza kuupima. Lithuania ilikuwa imefungwa na wapinzani haohao katika hatua ya makundi, kisha ikapigwa 127–76 na Marekani iliyokuja na nyota wake wa NBA. Safari hii ilishinda 82–78, Marčiulionis akifunga pointi 29 na Sabonis 27 pamoja na ribaundi 16.

Wapo wanaoiona siku hiyo kuwa ndiyo iliyoifuta dhahabu ya Seoul, kana kwamba medali ya kwanza ilikuwa ya mkoloni na ya pili ya taifa. Hisia hiyo inaeleweka, na aliyepoteza ndugu Vilnius hana haja ya kufundishwa namna ya kuhesabu medali. Lakini kama maelezo ya mchezo, msimamo huo hausimami. Walithuania wote wanne wa Seoul walikuwa tena uwanjani, safari hii kwa jezi yao. Kocha wao, Vladas Garastas, alikuwa ameifundisha timu ya Kisovieti katika mashindano ya Ulaya ya 1989. Na upande wa pili walisimama Tikhonenko na Alexander Volkov, wenzao wa dhahabu. Wachezaji hao walijuana kila hatua, na ushindi wa pointi nne ulitokana na elimu ileile ya pamoja. Kuifuta Seoul ni kuiachia Moscow peke yake medali ambayo jasho lake kubwa lilitoka Kaunas, na hilo litakuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwa Lithuania Sabonis aliongeza fedha ya Ulaya mwaka 1995, baada ya fainali yenye mzozo dhidi ya Yugoslavia, na shaba ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ambako katika ushindi wa 80–74 dhidi ya Australia alifunga pointi 30. Wakati huo alikuwa amekwisha kucheza msimu wake wa kwanza Portland, akitembea kwa shida na bado akipata wastani wa pointi 14.5 kwa mchezo. Jumla yake ni medali tisa, sita za Kisovieti na tatu za Lithuania, na mashindano yake makubwa ya mwisho ya timu ya taifa yalikuwa ya Ulaya mwaka 1999.

Mwaka mmoja baadaye, katika Olimpiki ya Sydney, Lithuania ilicheza bila yeye, wala Marčiulionis, ikafika nusu fainali dhidi ya Marekani iliyojaa wachezaji wa NBA. Vijana hao, wakiongozwa na Šarūnas Jasikevičius, walishindwa kwa 85–83 tu, mtupo wa mwisho wa Jasikevičius ukikosa kikapu, kisha wakatwaa shaba ya tatu mfululizo kwa mchezo uleule wa pasi za haraka na mitupo ya mbali. Nchi yenye watu wasiozidi milioni nne ilikuwa imelipunguza pengo la pointi 51 la Barcelona hadi mbili, bila jitu lake uwanjani.