Jinsi ya kuirudishia pikipiki kuukuu sura yake ukiwa nyumbani

HONDA ilianza kuunda pikipiki aina ya CG125 mwaka 1976, na injini yake ikaja kuigwa na viwanda vingi vya China. Kwa sababu hiyo, mwenye CG kuukuu iliyoegemezwa ukutani nyuma ya nyumba hapati taabu kubwa kutafuta vipuri. Makala haya, hata hivyo, hayahusu injini bali sura: kutu, rangi na mng'ao. Hiyo ni kazi iwezayo kufanyiwa uani, mradi mhusika awe na subira na asianze kwa kukimbilia mkebe wa rangi.

Kabla ya kufungua hata skrubu moja, piga picha kila upande. Kila kinachofunguliwa kitiwe katika mfuko wake, wenye maandishi ya mahali kilipotoka. Grisi na matope yasuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni. Vumbi lililo ndani ya breki lisipulizwe kamwe, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani huenda vikawa na asbesto; lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Baada ya kuosha, tazama upya. Aghalabu rangi iliyodhaniwa kufa imechujuka juu juu tu, na dawa ya kung'arishia magari huifufua. Mimi ningeiacha rangi ya kiwandani popote inaposhikilia, hata ikiwa na mikwaruzo, maana ikishaondolewa hairudi tena.

Madigadi na usukani wenye kromu husuguliwa kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iliyofinyangwa na kuchovywa majini. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kukwaruza. Pale kromu ilipobambuka hakuna ujanja. Kipande hicho kipelekwe kwa wenye mitambo ya kuchovya upya. Kemikali za kazi hiyo ni sumu kali isiyofaa kuwekwa nyumbani.

Tangi ndilo huvuta macho, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Petroli yote imwagwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jiko na sigara. Tangi lililokauka bado hubaki na mvuke unaoweza kulipuka, basi lisichomelewe wala kukatwa kwa mashine inayotoa cheche. Penye kutu pasuguliwe kwa msasa nambari 240 hadi chuma kionekane, kisha kingo zilainishwe kwa nambari 400. Hufuata praima, msasa wa maji nambari 600, na rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba tatu au nne. Tabaka moja nene hutiririka na kuganda kama machozi ya mshumaa.

Vanishi ya juu ndiyo iliyonifedhehesha. Nilitumia ile ya kawaida ya mkebe. Siku ya kwanza ya kujaza mafuta tone moja likadondoka kando ya kifuniko, na rangi ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Ulizia vanishi isiyoyeyushwa na petroli. Nyingi za aina hiyo huchanganywa na kigandishi chenye kemikali ziitwazo isosiyaneti, ziwezazo kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Kwa hatua hiyo pekee, afadhali kumlipa fundi mwenye chumba na vifaa vya kupulizia.

Usipulize rangi jioni yenye umande wala wakati wa masika, kwani unyevu huiachia ukungu mweupe.

Kwenye fremu, jihadhari na nambari iliyogongwa shingoni, karibu na usukani. Ikisagwa na msasa au kuzikwa chini ya rangi nzito, pikipiki yako halali itashukiwa kuwa ya wizi, na kuiuza kutakuwa shida. Rangi pia imeandikwa katika hati ya usajili. Anayeibadilisha hana budi kuiarifu NTSA.

Nembo za tangi zibandikwe kabla ya vanishi, na tangi likauke siku kadhaa kabla ya kutiwa petroli. Tairi zikipakwa dawa ya kung'arisha, isiguse sehemu inayokanyaga barabara.