HISTORIA YA DAMU, SEHEMU YA 4: Mama aliyeingia maabara na mtoto mgongoni

Mama zangu, tuendelee.

Kuanzia Mbagala mpaka Bunju, nimesikia sana maneno haya: "Mwacheni itoke, ni damu chafu hiyo." Mzazi kajifungua, khanga ya kwanza imelowa, ya pili nayo imelowa, bado watu wanasubiri. Leo nawaletea habari za mwanamke aliyekataa kusubiri.

Anaitwa Utako Okamoto, daktari wa Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mumewe Shosuke walitafuta dawa ya kuokoa wazazi wanaotokwa damu. Chuoni hapakuwa na pa kumwacha mtoto, basi akambeba bintiye mgongoni, kazi ikaendelea. Kama sisi tu!

Mwaka 1962 wakatangaza dawa yao, traneksamiki. Mwili wenyewe huziba jeraha kwa kugandisha damu, ila pia una kitu kinachoyeyusha lile donge. Dawa hii inazuia donge lisiyeyuke mapema.

Sasa sikia kinachouma. Utako hakufanikiwa kuwashawishi madaktari wa uzazi waijaribu kwa wazazi. Ikatumika kwa mambo mengine, kama hedhi nzito, miaka ikapita.

Utafiti mkubwa kwa wazazi ulianza 2010. Wanawake 20,060, nchi 21, Tanzania yetu ikiwemo. Majibu yalitoka Aprili 2017: wazazi waliopewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa 3, haikusaidia. Utako alikuwa amefariki 2016, mwaka mmoja tu kabla.

Baadaye ikaonekana kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa asilimia 10 hivi. Dakika 15 jamani! Ndiyo muda wa kubishana nani aite bajaji.

Kwa hiyo pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au mzazi anaona kizunguzungu, anatoka jasho la baridi, msiulize damu ni chafu au safi. Mkimbizeni kituoni. Dawa hii huchomwa kwenye mshipa na mhudumu wa afya, si ya kununua dukani.

Akina baba, mtumieni na mama mkwe asome.

Sehemu ya 5: wanyama wanaolala majira yote ya baridi, na wanachowafundisha wanasayansi kuhusu kuishi damu ikipungua.